Seva moja ya kurekodi TV, runinga tatu: uzoefu wangu na Tvheadend na Kodi

Ninachokipima hapa ni mfumo huu. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na RAM ya GB 8, isiyo na skrini wala kibodi, imekaa pale waya wa antena unapoingilia ndani. Ina SSD ya GB 256 ya kubeba Debian (mfumo endeshi wa Linux), na diski ya kawaida ya TB 4 ya kuhifadhia vipindi. Imechomekwa vifaa viwili vya USB vya kupokea DVB-T2 (TV ya dijitali ya antena), kila kimoja kikiwa na tyuna mbili ndani, yaani sehemu zinazoshika masafa, kwa hiyo jumla ni tyuna nne. Programu inayopokea na kurekodi ni Tvheadend. Nyuma ya kila runinga kuna kisanduku cha Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo sana) ya GB 2 yenye LibreELEC, ambayo kimsingi ni Kodi, programu ya kutazamia video, peke yake. Visanduku hivi havina tyuna, havina diski, wala havirekodi kitu. Vinaiomba seva picha na kuionyesha, basi. Chaneli ninazozungumzia ni za bure. Zile zilizofungwa kwa kadi hazimo.

Mfumo unafaa, na ningeujenga tena kesho. Sharti langu ni moja: pesa na muda viende kwenye antena na tyuna, visiishie kwenye prosesa.

Neno "seva" huwatisha watu wakanunua mashine kubwa bila sababu. Picha ya TV ya dijitali hufika ikiwa imeshabanwa na kituo kinachorusha. Tvheadend inachukua mkondo, inachambua chaneli uliyoitaka na kuimwaga kwenye diski kama ilivyo. Chaneli ya HD ikienda kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inakula GB 3.6. Rekodi nne kwa mpigo: ni megabiti 32, yaani MB 4 kwa sekunde, na diski yoyote ya leo inaandika zaidi ya MB 100. N100 inakaa karibu bure muda wote. TB 4 inabeba saa 1,100 hivi za HD, mradi usisahau kwamba ext4 (mpangilio wa faili wa Linux) hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, yaani msimamizi wa mfumo. Kwenye TB 4 hiyo ni GB 200 zinazolala bure. Amri ya tune2fs -m 0 ikielekezwa kwenye kizigeu hicho inazirudisha, na kwa diski ya vipindi tu haina madhara.

Tyuna huhesabiwa kwa masafa, si kwa chaneli. Hili ndilo ningependa kila anayeanza alielewe kabla ya kununua chochote. Tyuna ikishika masafa fulani, inapokea maltipleksi nzima, yaani furushi la chaneli zinazorushwa pamoja kwa masafa hayo. Maltipleksi ya DVB-T2 ya upana wa MHz 8 huweza kubeba hadi megabiti 40 hivi kwa sekunde. Chaneli tano za maltipleksi moja zinaweza kurekodiwa kwa wakati mmoja na tyuna moja, na runinga moja ikatazama ya sita humo humo bila kumbughudhi mtu. Kwa hiyo chukua karatasi, andika chaneli mnazotazama, kisha kando ya kila moja andika masafa yake. Zikiangukia kwenye maltipleksi tatu, tyuna tatu zinatosha hata runinga zikiwa nane. Mimi niliweka ya nne ili ratiba ya vipindi isasishwe bila kugombania nafasi na watazamaji.

Sasa mawimbi, kwa maana hapa ndipo rekodi nyingi huharibikia. Mtu anayetazama moja kwa moja huvumilia picha ikikatika nusu sekunde, lakini rekodi inaubeba ule mkatiko milele. Splita (kigawa mawimbi) ya njia mbili hupunguza nguvu kwa desibeli (dB) 4 hivi, ya njia nne kwa dB 7 hadi 8. Vifaa vyenye tyuna mbili kwa kawaida vina tundu moja la antena na hugawa mawimbi ndani kwa ndani, na ndiyo sababu nilichagua viwili vya namna hiyo: splita ya njia mbili ilitosha. Busta ikihitajika, iwe juu karibu na antena, kabla ya waya mrefu. Ukiiweka chini inakuza na kelele zote zilizookotwa njiani. Na usidhani nguvu zaidi ni bora zaidi. Tyuna ikizidiwa hufanya vituko vile vile vya mawimbi dhaifu: picha inavunjika vipande, sauti inakwaruza. Minara ya simu ya 4G inayotumia masafa ya MHz 700 na 800 nayo huleta balaa hilo, na dawa yake ni kichujio kinachochomekwa kabla ya busta, si baada yake.

Usipime kwa kutazama asilimia ya nguvu. Fungua ukurasa wa hali kwenye Tvheadend, anzisha chaneli moja kwa kila maltipleksi, uache saa nzima, kisha soma safu ya "Continuity Errors", yaani mara ambazo mkondo ulikatika. Inatakiwa isome 0. Inapopanda kwenye maltipleksi moja tu, shuku antena au mwingilio wa masafa. Inapopanda kwenye zote kwa pamoja, shuku USB. Vifaa hivi vikichomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta, jirani na kebo ya diski ya USB 3, vinaweza kuokota kelele za diski, tena vinapata joto kwa kubanana. Kebo fupi ya USB ya kurefushia kwa kila kifaa, ikikiweka mbali na kasha, ilishusha makosa hadi sifuri. Kwa urushaji wa aina ya 256-QAM, SNR (kiasi ambacho mawimbi yanazidi kelele) ikisoma chini ya dB 20 naihesabu kuwa haina akiba, hata kama picha kwa wakati huo ni safi.

Kusakinisha kwenyewe si kazi ya siku nzima, ila kuna mitego. Baada ya kuchomeka kifaa, soma dmesg (kumbukumbu za mfumo). Ukiona draiva imepakiwa lakini fimwea (programu ya ndani ya kifaa) haikupatikana, tafuta jina la faili lililotajwa pale. Kwa chipu ya Si2168 ya toleo la B40, kwa mfano, ni dvb-demod-si2168-b40-01.fw, na mahali pake ni /lib/firmware. Kikitambulika, utaona /dev/dvb/adapter0 na wenzake. Mtumiaji anayeendesha Tvheadend lazima awe kwenye kundi la video, la sivyo orodha ya tyuna itakuwa tupu na hutaambiwa kwa nini.

Ukurasa wa Tvheadend uko kwenye bandari 9981. Mpangilio ni kuunda mtandao wa DVB-T, kuuunganisha na kila tyuna, kuskani masafa, kisha kugeuza huduma zilizopatikana kuwa chaneli. Hatua inayosahaulika ni ile ya kuunganisha: fungua kila tyuna mojamoja, iwashe, na uichagulie mtandao. Masafa yakigoma kuskaniwa huku unajua mawimbi yapo, angalia kama yameandikwa DVB-T wakati kituo kinarusha DVB-T2. Badilisha aina hiyo, weka PLP (namba ya mkondo ndani ya masafa) kuwa 0, uskani upya.

Mtego wa pili ni watumiaji. Jina la mtumiaji na ruhusa zake vinaandikwa kichupo kimoja, nenosiri linaandikwa kichupo kingine, na majina ya pande zote mbili lazima yafanane herufi kwa herufi. Usipojaza kichupo cha nenosiri, Kodi itakataliwa hata ukiandika kila kitu sawasawa. Nashauri visanduku vipewe mtumiaji wao mwenye haki ya kutazama na kurekodi, bila haki ya usimamizi, akiruhusiwa kutoka mtandao wa nyumbani tu, kwa mfano 192.168.1.0/24.

Kabla ya rekodi ya kwanza, linda SSD. Diski ya vipindi ikishindwa kupandishwa wakati wa kuwaka, folda yake bado ipo, tupu, juu ya SSD. Tvheadend itarekodi humo bila kulalamika mpaka mfumo mzima ujae na kukwama. Ongeza RequiresMountsFor yenye njia ya folda hiyo kwenye faili ya huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux), ili Tvheadend isianze kabisa diski isipokuwepo. Ni mstari mmoja, na ninauona kuwa wa lazima.

Rekodi zangu zinatumia wasifu wa "pass", unaotoa faili za .ts, badala ya Matroska (.mkv). Umeme ukikatika katikati ya kipindi, faili ya .ts inachezeka vizuri mpaka sekunde ya mwisho iliyoandikwa. Faili ya Matroska isiyofungwa vizuri inaweza kusumbua ukitaka kuruka mbele au kurudi nyuma. Muda wa ziada nimeweka dakika 2 kabla na 10 baada. Elewa tu kwamba dakika hizo nazo zinahitaji tyuna. Vipindi viwili vinavyofuatana kwenye maltipleksi moja havigombani, lakini vikiwa maltipleksi tofauti vinahitaji tyuna mbili kwa dakika 12. Tyuna zikiisha, rekodi ndiyo hupewa kipaumbele na anayetazama ndiye hukatiwa, jambo ambalo watu wa nyumbani wanapaswa kuambiwa mapema.

Rekodi za mfululizo hufuata kanuni unazoandika, na jina la kipindi husomwa kama usemi wa ruwaza, si maneno ya kawaida. Ukiandika Habari, utapata kila kipindi chenye neno hilo popote kwenye jina. Andika ^Habari$ upate hicho tu. Na kipindi kiitwacho "Habari (Marudio)" hakitashikwa ukiyaandika mabano yalivyo, kwa kuwa mabano yana maana yake kwenye ruwaza. Yatangulizwe na mkwaju wa nyuma: ^Habari \(Marudio\)$. Saa ya seva nayo iwe sahihi kupitia NTP (huduma ya saa ya mtandaoni), maana dakika tano za makosa zinameza mwisho wa filamu.

Upande wa visanduku ndio uliorahisika kuliko nilivyotarajia. Andika LibreELEC kwenye memori kadi, sakinisha programu jalizi ya Tvheadend HTSP, weka anwani ya seva, bandari 9981 na 9982, jina na nenosiri. Seva ipewe anwani isiyobadilika kwenye ruta. Washa mpangilio wa kusubiri mtandao kabla Kodi haijaanza. Waya wa HDMI uingie tundu la HDMI 0, lile lililo jirani na tundu la umeme, ili rimoti ya runinga yenyewe iendeshe Kodi kupitia CEC. Hakuna rimoti ya pili ya kutafuta chini ya makochi.

Kuna mpangilio mmoja ambao usipougusa utaulaumu mfumo mzima bure. Matangazo ya DVB hurushwa kwa kawaida kwa picha 25 au 50 kwa sekunde, na Kodi mara nyingi huanza skrini ikiwa 60 Hz. Tazama maandishi yanayotambaa chini ya taarifa ya habari: yanakwenda kwa kushtuka, kama yanajikwaa kila baada ya herufi chache. Ruhusu Kodi ibadilishe kasi ya skrini ifuate video, na maandishi yatateleza kama maji.

Raspberry Pi 4 inafungua H.264 na HEVC (aina za ubanaji wa video) kwa maunzi, na MPEG-2 kwa prosesa bila shida. Pi 5 haina kifunguzi cha maunzi cha H.264. Prosesa yake inaimudu 1080p, ila kwa kazi hii sioni sababu ya kulipia zaidi. Waya wa mtandao wa megabiti 100 ni mwingi kwa kisanduku kimoja. Wi-Fi iliyojaa ndiyo inayogandisha picha ya moja kwa moja, na sijaipendekeza kwa runinga kuu. Kuwasha visanduku kupitia mtandao bila kadi kunawezekana, lakini faida yake ni ndogo. Ninahifadhi nakala ya kadi moja iliyokamilika, na kadi ikifa naandika nyingine kutoka kwenye nakala hiyo.

Yasiyonipendeza: kubadili chaneli huchukua sekunde 2 au 3, na ukurasa wa usimamizi umejaa vichupo kiasi kwamba mgeni anapotea. Matangazo ya biashara hayaondolewi mpaka uongeze Comskip, programu ya kuyatambua, ukiiita kwenye sehemu ya amri ya baada ya kurekodi kwa "%f" kama njia ya faili. Inatafuta fremu nyeusi, nembo ya kituo na vitu kama hivyo, kisha inaandika faili ya .edl (orodha ya sehemu za kuruka) kando ya rekodi. Tvheadend huipeleka kwa Kodi, nayo huruka matangazo. Iache iweke alama tu, isikate faili, kwa sababu ikikosea unarudi nyuma na kutazama sehemu iliyorukwa. Hii ndiyo kazi pekee inayoitoa N100 jasho, kwa hiyo iendeshe kwa nice 19 (kipaumbele cha chini kabisa) ili rekodi zinazoendelea zisiguswe.