Kitufe, kitufe, kitufe: siti tatu za Moshi kwa abiria mmoja

Naanza na nyota moja kwa tovuti hii ya kukata tiketi za basi. Tutaona kama hasira itakuwa imeshuka nikifika mwisho.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Mbagala, na sioni. Sisemi sioni vizuri. Sioni kabisa, mwaka wa kumi na kitu sasa. Simu yangu ni Android ya kawaida, nimewasha TalkBack, ambayo inanisomea kila ninachogusa: natelezesha kidole kulia, inataja kinachofuata, nikikitaka, nagonga mara mbili. Kwenye kompyuta ya shuleni natumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa na Waaustralia wawili, nao hawaoni. Sauti yangu ya Kiswahili humo inasoma kama Mzungu mwenye mafua, lakini inasoma. Nayasema haya mapema ili asije mtu kuniuliza kipofu anatumiaje tovuti. Swali hilo nimeshaulizwa na mtu anayelipwa mshahara kupokea simu za wateja. Tutamfikia.

Ilikuwa ile wiki ya Desemba ambayo kila Mchaga na shemeji yake lazima waonekane Moshi. Siti inatafutwa kama dawa. Kwangu mimi kutoka Mbagala kwenda stendi ya Magufuli kule Mbezi kukata tiketi ni nusu siku nzima, na nikitokea pale na fimbo nyeupe, wapiga debe watatu wanagombania mikono yangu miwili. Safari moja ya nyuma kijana mmoja "alinisaidia". Akanikatia siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi, akaniongezea elfu tano ya wema wake. Kwa hiyo niliposikia kwamba kampuni hii (jina silitaji, wenyewe wanajijua) inakata tiketi mtandaoni na unalipa kwa simu ukiwa umekaa kwako, nilifurahi kitoto. Nitajikatia mwenyewe, simwombi mtu.

Mwanzo ulikuwa mzuri, haki yao niwape. Unatoka wapi, unaenda wapi, tarehe gani: yote yalisomeka. Basi la saa kumi na mbili asubuhi likasomeka na nauli yake. Nikagonga. Ukafunguka ukurasa wa kuchagua siti.

"Kitufe."

Nikatelezesha.

"Kitufe."

Nikatelezesha.

"Kitufe."

Nikahesabu, maana nina subira ya kusahihisha insha za vidato vinne. Vitufe 49, na hakuna hata kimoja chenye jina. Hakuna namba ya siti, hakuna dirishani wala koridoni, hakuna iliyo wazi wala iliyouzwa. Baadaye nilielezwa kwamba anayeona anaona ramani ya basi: kijani ipo wazi, nyekundu imeuzwa, njano ndiyo uliyoichagua wewe. Kila kitu kimesemwa kwa rangi tupu, na wapo wanaume wenye macho yao mawili wasiotofautisha kijani na nyekundu, sijui nao huwa wanakaa wapi. Mimi nilikuwa nimepewa daftari la mahudhurio lililoandikwa: mwanafunzi, mwanafunzi, mwanafunzi.

Nikasema basi, nibahatishe. Nikagonga kimoja huku mbele. Kimya. Nikajua kimeuzwa hicho. Nikagonga cha pili yake. Kimya. Nikaruka vichache, nikagonga kingine. Kimya vilevile. Nikashuka hadi chini nikakuta "Endelea", angalau hicho kilikuwa na jina. Nikaendelea, nikaweka namba yangu, na ombi la malipo likaruka kwenye simu. Simu ikanisomea kiasi: nauli mara tatu.

Namba ya siri nilikuwa nimeshaandika tarakimu mbili. Nikaghairi, moyo unadunda kama nimekwepa bodaboda. Kumbe kila nilipogonga na kudhani hakijasikia, kilikuwa kimesikia vizuri sana. Siti zilikuwa zinageuka njano moja moja na mimi natafuta nyingine. Nilikuwa nimekata safari ya familia.

Nikarudi nyuma ili nianze upya. "Muda wako umeisha." Muda gani? Kumbe juu ya ukurasa kuna saa inayohesabu kwenda chini, na haikuwahi kutamka neno. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, ile inayoitwa WCAG ya kuzifanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka mtu aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi, kama kubonyeza kitufe kimoja tu. Watasema siti haiwezi kushikwa milele wakati watu wanaigombania. Sawa, nakubali. Lakini onyo je? Konda akitaka kuondoa basi hupiga honi.

Na nilipojaribu mara ya tatu tovuti ikanishuku kuwa mimi ni mashine. Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Nikaomba njia ya sauti, nikapigiwa Kiingereza cha mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilipovuka hapo, basi la saa kumi na mbili limejaa. Tatu kati ya siti zilizolijaza, naamini mpaka leo, nilikuwa nimezishikilia mimi mwenyewe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Nayaandika haya neno kwa neno, kadiri ninavyokumbuka, na nakumbuka sana.

"Kaka yangu, hapo unabonyeza tu siti ya kijani."

"Dada, sioni."

"Kioo cha simu kimepasuka?"

"Macho, dada. Mimi sioni."

Kimya. Nikasikia mwenzake nyuma anacheka jambo lingine.

"Sasa simu unatumiaje?"

"Inanisomea. Ila kwenye siti haisomi, zote zinaitwa kitufe."

"Basi mpe mtu aliye karibu nawe akubonyezee."

"Niko peke yangu."

"Basi subiri arudi."

Arudi nani, dada? Nauliza hadi leo. Alishanipangia mtu nyumbani kwangu, akamtoa matembezini, akaniambia nimsubiri. Hakusema kwa ubaya, sauti ilikuwa tamu, ya mtu anayemhurumia mtoto aliyepotea sokoni. Afadhali angenitukana. Tusi unalijibu.

Nilikata simu nikiwa na maneno mengi ya kisheria kinywani. Kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inautaja mtandao wa intaneti waziwazi. Kwamba tuna sheria yetu wenyewe ya mwaka 2010. Kwamba huko Australia, Bruce Maguire, mtu asiyeona, aliishtaki kamati ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao haikusomeka, na mwaka 2000 ikaamriwa alipwe dola 20,000 za kule. Maneno hayo yote nilimwambia birika la chai. Kesho yake nikaenda Mbezi, nikashikwa mikono, nikapata siti ya nyuma. Juu ya tairi. Nyongeza safari hii ilikuwa elfu kumi, sikukuu.

Hapo ndipo nyota moja ilipozaliwa, na kama ningeandika siku ile msingepata aya inayofuata.

Kabla sijalala siku ile nilifanya kitu kimoja cha hasira. Nilifungua ule ukurasa, nikaweka simu karibu na simu ya jirani, nikarekodi TalkBack ikitamka kitufe kutoka cha kwanza hadi cha 49. Dakika moja na kitu. Nikaituma kwenye namba yao ya WhatsApp bila salamu, na mimi ni mtu wa salamu. Sikujibiwa. Nikasahau.

Shule zilikuwa zimeshafunguliwa nilipopigiwa. Sauti ya kijana, ana haya.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye fundi wa ile tovuti. Nimesikiliza ile sauti yako."

"Marahaba. Yote?"

"Yote. Nilidhani simu yangu imekwama."

Nilicheka, sikukusudia. Akaniomba nimsikilizishe moja kwa moja, nikaweka spika, tukazunguka basi lake siti kwa siti. Akawa anasema "dah". Kila kitufe, "dah". Akanieleza kwamba yeye aliweka rangi tu, na ndani ya kitufe hamna maandishi, kwa hiyo programu ya kusoma skrini haina cha kusoma. Nikamuuliza ni kazi ya mwezi? Akasema ni ya mchana mmoja: kila kitufe kinapewa jina ambalo jicho halilioni lakini simu inalisoma, na hali yake, kimechaguliwa au la. Mchana mmoja! Mimi nilishajenga kichwani kwamba wananikomoa, kumbe hakuna aliyewahi kunifikiria hata kwa ubaya. Sijui lipi linauma zaidi.

Karibu na Pasaka nikaifungua tena, nikiwa nimekunja ndita tayari. Kidole kulia.

"Siti C4, dirishani, ipo wazi, kitufe."

Nikagonga mara mbili.

"Imechaguliwa."

Jamani. Nilikaa pale kwenye kochi nikairudia. Imechaguliwa. Haijachaguliwa. Imechaguliwa. Nikazungukia basi zima kama mtoto aliyepewa funguo. Siti A1 imeuzwa. Siti F2, koridoni, ipo wazi. Saa nayo ikanong'ona kwamba zimebaki dakika mbili, niongeze? Nikaongeza, si kwa haja, kwa raha tu. Nikalipa nauli moja, ya mtu mmoja.

Asubuhi ya safari konda akasoma tiketi yangu, akauliza, "Mzee, nani kakukatia dirishani? Unaenda kuangalia nini?" Abiria wakacheka. Alitaka anihamishe ampe dada mmoja aliyetaka kupiga picha. Nikamwambia nimejikatia mwenyewe, na sihami. Mimi nataka upepo. Nataka kujua tumefika Korogwe kwa kusikia machungwa yanatembezwa chini ya dirisha, ninyooshe mkono mwenyewe nibishane bei. Nilinunua mfuko mzima nisiouhitaji. Siku ile ningeulizwa, ningetoa nyota tano na ya sita ningemchorea yule kijana.

Basi mngeniuliza siku ile.

Maana wiki hizi mbili tatu zilizopita nataka kukata ya kwenda tena, dada yangu ana shughuli, nafungua, nakaribishwa na "mwonekano wetu mpya". Matangazo yanajisogeza yenyewe, kila simu ikianza kusoma moja linakimbia. Dada yangu, ambaye anaona ila kwa miwani mizito, anasema maandishi sasa ni ya kijivu juu ya weupe, ameacha kuyasoma. Miongozo ileile inataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na hayo, kwa maelezo yake, ni moshi juu ya maziwa. Nikapita hayo yote nikiwa na tumaini. Nikafika kwenye siti.

Kitufe.

Nikampigia yule kijana. Alishaacha kazi pale, yuko Arusha, anatengeneza mifumo ya hoteli. Akasema pole mwalimu, waliojenga upya walianza na ukurasa mtupu, kazi yake hawakuichukua. Kwa hiyo mlango niliofunguliwa ulikuwa umeshikiliwa na mtu mmoja kwa mguu wake, na ameondoa mguu. Nikapiga huduma kwa wateja. Ni yule yule dada, sauti ileile tamu. Nilipoanza tu kusema siti hazisomeki akadakia, "Aa, ni wewe mwalimu wa vitufe!" Akanikatia siti yeye mwenyewe palepale kwenye simu, C4, dirishani, hakuongeza hata shilingi. Kwa hiyo na hasira yangu kwake mnaona imebaki haina pa kukaa. Ila mimi sikutaka anikatie. Mwanzo kabisa wa habari hii nilisema nataka nini.

Nyota sasa. Nilisema moja. Kwa Pasaka wanastahili tano, kwa mwonekano mpya sifuri, kwa yule dada sijui. Nikipiga hesabu ni kama mbili, mbili na nusu kwa sababu ya machungwa. Tatizo ni kwamba nimeshuka hapa chini mahali pa kuweka nyota, na simu inaniambia: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Nimegonga cha pili kutoka kushoto. Kimya. Nimegonga tena. Mkiona zimewaka tano, si mimi.