Klampu ndefu za bei nafuu: nunua nyingi, lakini zirekebishe kabla ya kazi

Klampu hizi, yaani vibano vya kushikilia mbao zinapogundishwa, huja kwa namna mbili. Moja ina ufito wa chuma bapa wenye meno madogo ubavuni, taya moja haisogei na nyingine inatelezeshwa. Nyingine ina ufito wa alumini ulio wazi ndani, wenye mikato ambayo taya ya nyuma hunasa. Zote zinastahili nafasi karakanani, ila hakuna iliyo tayari kwa kazi siku unapoitoa kwenye boksi.

Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kumiliki nyingi. Unapounganisha mbao ubavu kwa ubavu, nguvu ya klampu husambaa kutoka tayani kwa pembe ya takriban digrii 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 7, klampu moja inabana kama sentimita 14 tu za kiungo. Kwa hiyo kiungo cha sentimita 60 kinadai klampu tano hata kama kila moja ni imara kupindukia. Tatu za bei ghali zitaacha sehemu ambazo hazijabanwa; tano za bei nafuu hazitaacha. Hesabu ya nguvu nayo inakubali: ukingo wa sentimita 60 kwa unene wa sentimita 2.5 ni sentimita za mraba 150, na ukihitaji kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, jumla ni kilo 1,500. Gawanya kwa tano, kila klampu inabeba kilo 300.

Hapo ndipo za alumini huanza kuonyesha udhaifu. Skrubu iko juu ya ufito, hivyo ukikaza, ufito unajikunja kama upinde na mbao zinabinuka katikati. Dawa yake ni rahisi na inabadilisha kabisa klampu: fungua kichwa cha mwisho, pima nafasi ya ndani, kisha piga randa kipande cha mbao ngumu iliyonyooka mpaka kiingie kwa kusukumwa kwa mkono na kugongwa kidogo. Kikiwa kinacheza ndani, hakisaidii chochote. Toboa upya tundu la boliti ya kichwa, na uangalie kipande kisizibe mikato.

Za chuma bapa hazijikunji haraka hivyo, lakini zinateleza. Taya inayosogea hushika kwa kulala kidogo na kuuma ufito. Gundi iliyokauka, rangi ya kiwandani au mafuta vikikaa pale, inaachia polepole baada ya wewe kuondoka. Sugua ufito kwa brashi ya waya. Mafuta au nta ni ya hesi za skrubu peke yake, usipake ufito kamwe. Mpini nao huzunguka bure mapema. Toboa tundu la milimita 3 kupita mpini na skrubu, gonga msumari, ukate uliozidi.

Kabla ya kulipa, weka kiguni (kipimio cha pembe mraba) kati ya ufito na taya isiyosogea. Taya iliyoegemea nje itakunja kazi yako hata ukiwa na mkono mwepesi. Kosa dogo linaondoka kwa tupa. Kosa kubwa, rudisha. Bana pia kipande cha mbao palepale dukani: kisahani cha mbele ya skrubu kikichomoka au hesi zikikwaruza, chagua nyingine. Vifuniko vya plastiki vya tayani hudondoka karibu vyote, kwa hiyo gundisha vipande vya plaiwudi badala yake.

Kwenye kubana, inua mbao kwa vipande vya mbao vilivyobaki hadi katikati ya unene wake ilingane na katikati ya skrubu. Pishanisha klampu, moja chini na nyingine juu. Kaza kwanza bila gundi. Ufito wa chuma usiguse gundi mbichi: chuma, maji ya gundi na tanini (kemikali ya asili) ya mbao huacha doa jeusi linaloingia ndani. Karatasi ya nailoni inatosha kuvitenganisha. Kaza hadi vitone vidogo vya gundi vitokeze mfululizo, kisha acha. Ukijikuta unatafuta bomba la kurefushia mpini, randa haijafanya kazi yake, rudi kwenye kingo. Gundi nyeupe ya kawaida inahitaji dakika 30 hadi 60 ndani ya klampu, na saa 24 kabla ya kupiga randa.

Kasha la kabati ni habari nyingine. Pale taya lazima zibaki sambamba chini ya mzigo, na hizi hazibaki, hata zikirekebishwa. Nunua jozi mbili za klampu nzito kwa kazi hiyo. Za bei nafuu zinunuliwe jozi kwa jozi za urefu mmoja, na ziwe ndefu kuliko kazi kwa sentimita 15, maana vipande vya kukinga na skrubu yenyewe hula nafasi.