TAHADHARI: kadi ya "bima ya watoto ya serikali" hapa Uganda ni wizi, msitoe hata mia

Wazazi wenzangu wa Busia, Tororo, Malaba na kwingine, someni hii kabla hamjafungua pochi. Kuna mama anazunguka sokoni na kizibao cha bluu kama wale VHT wetu (wahudumu wa afya wa kijiji), ana daftari kubwa na kitambulisho kimening'inia shingoni, anasema anaandikisha watoto wa familia zenye kipato kidogo kwa bima ya afya ya serikali. Elfu 35 kwa kila mtoto. Mimi ninao watatu, nikatoa laki moja na elfu tano, pesa niliyokuwa nimeweka ya kununulia mukene (dagaa) wa kuuza wiki ile, na sasa nimebaki na kadi za plastiki ambazo hata kuwashia sigiri hazifai.

Najua mtasema mtu mzima unaibiwaje hivyo. Subirini niwaambie alivyoniingia. Hakuanza na bima, alianza na dawa. Akakaa kwenye kigoda changu, akaniita dada, akauliza mtoto wa mwisho ana miaka mingapi, halafu akaniambia "ukienda hospitali ya serikali si unaambiwa dawa zimeisha nenda kanunue nje? mwenye kadi hii haambiwi hivyo, dawa za watoto wake zinawekwa pembeni." Basi hapo akanimaliza, maana hilo la dawa kuisha ni kweli kabisa, nani hapa hajawahi kuandikiwa kikaratasi akakimbilia duka la dawa usiku na mtoto mgongoni? Tapeli mzuri anakudanganya kwa kitu unachokijua.

Halafu sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Wateja wangu nusu wanatoka ng'ambo, Kenya, kila siku ni SHA hivi SHA vile, yaani bima ya afya ya serikali yao, ukisikia na Uganda imeanza ya kwake unasema eh, hatimaye na sisi. Na yule mama akaongeza kwamba bunge lilishapitisha. Sasa hapo ndo ujanja wake, kwa sababu bunge kweli lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwezi wa tatu 2021, redioni tulisikia wote, lakini rais hakuutia saini na haukuwa sheria. Mimi ile nusu ya kwanza nilikuwa naikumbuka, ya pili sikuwahi kuifuatilia. Mteja mmoja wa upande wa Kenya nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka mfuko chini, akasema mama, hata hiyo SHA kujiandikisha ni bure, unabonyeza *147# basi, kinacholipwa ni mchango.

Mambo yalifunguka wiki ya pili mdogo alipopata homa. Nikaenda hospitali kifua mbele, badala ya kupanga foleni nikaenda moja kwa moja dirishani na kadi yangu. Nesi akaigeuza, akaigeuza tena, hakusema kitu, akafungua droo akatoa nyingine nne zinazofanana na yangu akazipanga mezani. Ndo nikaziangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nembo ya taifa imefifia kama imepigwa picha kwenye gazeti, yule korongo hata miguu hana, na neno la Kiingereza la afya limekosewa herufi moja kwenye kadi zote tano. Namba ya mwanachama? Ile ile kwenye kadi zote. Nesi akaniambia kwa upole, mama rudi kwenye foleni, mtoto atatibiwa, hapa hakuna anayelipa. Akapimwa malaria, akapewa dawa, siku hiyo zilikuwepo. Sikutoa hata shilingi moja. Yaani nilinunua kwa laki kitu ambacho ni bure, maana hospitali za serikali zilifuta malipo tangu 2001, ukiacha zile wodi za kulipia kwenye hospitali kubwa. Chanjo za watoto pia ni bure, kinachotakiwa ni kadi ya kliniki tu.

Pesa inauma lakini kuna kinachonitisha zaidi. Yule mama alipiga picha kitambulisho changu cha taifa mbele na nyuma, akaandika NIN (namba ya kitambulisho), akachukua na tarehe za kuzaliwa za watoto. Jirani yangu anayeuza nyanya alifanyiwa zaidi, aliambiwa "kuna namba zitaingia kwa simu yako sasa hivi nisomee nimalize kukuandikisha", akasoma. Jioni akakuta deni la mkopo wa mobail mani ambao hakuomba. Kama na wewe ulimpa NIN au ulimsomea namba, usikae na aibu nyumbani, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako waulize laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, badilisha na PIN hapo hapo.

Kitu kingine nilichopuuza, nilipotuma hela jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanaume. Nikamuuliza, akasema ni mhasibu wa ofisi. Mhasibu! Nilipopiga kwa mtandao warudishe wakaniambia zimeshatolewa. Hapo hata mwizi kakatwa ile asilimia 0.5 ya serikali ya kutoa pesa, angalau hilo halijampita.

Kwa wanaouliza kama hakuna bima kabisa nchini: zipo, za makampuni, na kampuni pamoja na agenti wake lazima wawe na leseni ya mamlaka ya bima, IRA, iliyoko Kampala, unaweza kuwapigia ukauliza jina kabla hujalipa. Huko magharibi kuna hospitali kama Kisiizi ambayo ina mpango wake wa jamii tangu miaka ya 90, watu wanajiunga kwa vikundi vyao vya kijiji. Ila hizo zote unalipa mchango na unajua unamlipa nani. Ya serikali kwa watoto wa maskini, inayoandikishwa na mtu mwenye daftari katikati ya nyanya na samaki, hiyo haipo. Na VHT wa kweli mwenyekiti wa kijiji, LC1, anamjua kwa jina, mpigie tu mbele yake uone kama atabaki.

Polisi nimeshaandikisha, kadi moja wamebaki nayo. Waliniambia wakipata walalamikaji wengi itakuwa rahisi, kwa hiyo mlioibiwa njooni na kadi zenu na meseji za kutuma pesa, msifute. Alivyo kwa ufupi: ni mama wa makamo, mnene kidogo, anaongea Kiswahili kizuri na Luganda, mpole sana, anabeba watoto wa watu akiwa anaongea. Huko Kampala matapeli kama huyu wanawaita bafere na watu wameshawazoea, huku bado tunawapa kigoda na chai.

Jana jioni dereva wa boda ameniambia amemwona Malaba karibu na paki ya malori. Kizibao safari hii ni cha kijani.