Große Freiheit, Hamburg: mtaa wa uhuru ulionifungia mlango

Nilisema sitaandika. Lakini hasira haijaniisha, na kila anayeniuliza habari za Hamburg najikuta namjibu kwa ukali asiostahili. Basi niseme mara moja.

Mwaka jana, wakati wa joto lao, nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayesoma kule. Mimi ni mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam, nimekulia kwenye madansi, ya kuingia saa tatu usiku na kutoka na adhana ya alfajiri. Niliposikia kuna St. Pauli, kitongoji cha starehe za usiku, vingine vyote sikuvitaka. Mtaa wake mkuu ni Reeperbahn, yaani njia ya wasokota kamba. Hapo zamani zilisokotwa kamba za merikebu, na kamba ndefu hutaka uwanja mrefu ulionyooka. Aliyewahi kuona usumba ukisokotwa Unguja ataelewa mara moja. Ile biashara ya miili iliyopo pale nilipita bila kugeuza shingo. Kilichonipeleka ni muziki.

Ukitoka hapo unaingia Große Freiheit. Kwa Kiswahili ni Uhuru Mkubwa. Jina ni la karne ya 17, wakati eneo hilo lilikuwa la Altona na si la Hamburg, na mtawala wake aliwaruhusu watu waabudu wapendavyo na wafanye kazi zao za mikono bila kubanwa na vyama vya mafundi. Wakatoliki wakajenga kanisa lao, St. Joseph, na hadi leo limesimama katikati ya vilabu. Beatles, ile bendi ya Waingereza, walianza kupiga mtaa huo huo, ukumbi wa Indra, Agosti 1960, saa nyingi kila usiku, kabla dunia haijawajua. George Harrison, mpiga gitaa wao, alikuwa na miaka 17, na baadaye alifukuzwa nchini kwa sababu ya umri. Nilisimama pale mwili ukinisisimka.

Sasa sikieni yaliyonipata kwenye mtaa wenye jina hilo.

Tulipanga foleni nje ya klabu moja, jina nalihifadhi. Kama nusu saa hivi. Mbele yetu waliingia vijana wanne, wawili wao hata kusimama hawawezi kwa pombe. Tulipofika sisi, baunsa hakunitazama usoni. Alinyoosha mkono kama anayezuia ng'ombe, akasema, "Leo hapana." Mpwa wangu akamuuliza kwa Kijerumani kizuri, kwa adabu, kwa nini. Akajibiwa ni sherehe ya waalikwa. Tukasogea pembeni. Watu watatu waliokuwa nyuma yetu wakapita, hawakuulizwa kadi wala jina. Nilikuwa na shati la mikono mirefu, viatu nimeving'arisha mwenyewe jioni ile.

Nikageuka nimrudie. Mpwa akanishika mkono. "Mjomba, tuwaache. Ndivyo walivyo. Twende pengine."

Alisema taratibu, bila hasira hata chembe. Hapo ndipo nilipoumia. Mtoto huyu alikuwa akibishana nami juu ya kila kitu, hata bei ya maandazi. Leo amefundishwa na milango kwamba baadhi haimfungukii, na amezoea. Ni nani aliyemzoesha? Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010. Urafiki gani huu wa kuachana mlangoni?

Usiku ule niliapa kumwambia kila mtu asikanyage St. Pauli.

Ila haki isemwe. Kwenye kichochoro cha jirani tuliingia baa ndogo ya chini ya ardhi. Mama wa mlangoni alipokea kiingilio, akatuonyesha viti, basi. Mpiga saksafoni wa pale sijamsahau. Saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, tukateremka hadi Fischmarkt, soko la samaki la kando ya mto Elbe. Wauzaji wanapaza sauti kama wa Feri! Ndani ya jumba la mnada la 1896 bendi inapiga, waliokesha wanacheza pamoja na walioamka sasa hivi. Nilicheza hadi shati likaloa, na mpwa akacheka kile kicheko chake cha zamani. Kwa asubuhi ile nasema nendeni, nendeni kabisa.

Halafu naukumbuka ule mkono, na maneno yananibadilika mdomoni. Kwa nini nisifie mtaa wenye mlango kama ule? Mpwa anasema mlango mmoja si mtaa mzima. Anasema hivyo kwa sababu anaishi huko, na lazima aishi.

Nitarudi, Mungu akijalia, na nitapanga foleni ile ile. Safari hii nitauliza mimi. Kijerumani changu ni kidogo, lakini "kwa nini" ninaijua tayari: warum.