Tarangire nimeenda mwezi wa nne na mwezi wa tisa, ni mbuga mbili tofauti kabisa

Wadau mi nakaa Moshi, na kila mwaka lazima ndugu fulani apige simu kuuliza aje lini kuona wanyama. Nimeona niandike nilichokiona mwenyewe.

Mwaka 2024 mama mdogo alikuja kutoka Tanga mwezi wa nne, anataka tembo tu, hana habari na kingine. Nikapata ofa kwa kampuni fulani ya utalii kule Arusha, bei karibu nusu, nikawauliza vipi mvua, wakasema zimeshapungua dada wewe njoo tu. Jamani ule mwaka masika ilikuwa kali nchi nzima! Mpaka Kwa Kuchinja, pale unapokata kona kuingia Tarangire, ni lami hatukuona shida, ila tulipoingia ndani ya hifadhi tu tukaanza kuteleza, ule udongo mweusi ukishiba maji unashika tairi kama ugali, tukakwama karibu saa mbili nzima mpaka gari lingine likaja kutuvuta. Na tembo? Tuliona watatu kwa mbali, migongo tu, majani yamewazidi. Dereva ndo akatuelezea pale pale kwenye tope kwamba masika maji yako kila mahali kwa hiyo wanyama wanatawanyika, wengi wanatoka hata nje ya mipaka, hawana sababu ya kukaa mtoni. Sasa hayo si ndo wangeniambia kabla sijalipa? Ile iliniuma sana, mama wa watu kasafiri siku nzima. Ila nchi ilikuwa kijani inapendeza na ndege ni wengi mno, kama wewe ni mtu wa ndege hiyo bei ni yako.

Mwezi wa tisa nikamrudisha, safari hii kwa kampuni nyingine, bei ya juu kweli. Nyasi zimekauka, mibuyu haina hata jani, vumbi mpaka kwenye meno, na mto Tarangire umebaki mchanga na vidimbwi. Tembo wamejaa! Tulisimama karibu na jike mmoja anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, anaingiza mkonga anavuta maji ya kwanza anayamwaga, yana tope, anavuta tena ndo anakunywa, na mtoto wake kasimama pembeni anasubiri zamu. Mama mdogo alishika mdomo hakusema neno, tulikaa pale kama nusu saa na dereva hakutuharakisha hata kidogo, huyo kijana Mungu ambariki.

Kwa hiyo kama shida yako ni tembo njoo kati ya mwezi wa saba na wa kumi. Wa sita na wa saba beba sweta zito, Arusha asubuhi ni baridi kwelikweli, watu wa pwani mnateseka. Nguo ya bluu au nyeusi acha nyumbani, mbung'o wa kule wanazifuata na wanang'ata hadi kwenye jinzi. Kuhusu kiingilio, sisi Watanzania tunalipa kwa shilingi na ni nafuu sana, hela kubwa inaenda kwenye gari, jikusanyeni watu sita mgawane.

Mama mdogo sa hivi anataka Ndutu, kule mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, mwezi wa pili, nyumbu wakiwa wanazaa. Nimeshaanza kuweka hela.