Kliniki ya macho, Mbeya mjini: wanavyoliangalia jicho baada ya upasuaji wa presha ya macho

Kama una mzazi aliyeambiwa afanyiwe upasuaji wa presha ya macho (glakoma, ugonjwa ambao msukumo wa maji ndani ya jicho hupunguza uono polepole), usianze na bei. Muulize daktari kwanza: mkishamaliza kupasua, jicho mtaliangaliaje, na sisi mtatuonyesha mnachokiona? Kliniki tunayompeleka mama, ipo Mbeya mjini upande wa Mafiati, imenijibu swali hilo kwa vitendo, na ndiyo sababu ya kuiandikia.

Mama ni mkulima wa ndizi Tukuyu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, kwa hiyo hadubini siioni kama kitu cha ajabu, na nilikuwa na maswali mengi kuliko ndugu wengine.

Upasuaji aliofanyiwa unaitwa trabekulektomi. Daktari Cairns wa Cambridge, Uingereza, aliueleza mwaka 1968 na mpaka leo bado unategemewa. Chini ya kope la juu wanakata kijimlango kwenye ukuta mweupe wa jicho, maji ya ndani yanapata pa kutokea, yanajikusanya chini ya utando laini wa nje na kufyonzwa polepole. Hapo panainuka kilengelenge. Uono uliokwishapotea haurudi. Kinacholindwa ni kilichobaki. Shida ni kwamba mwili haujui kuwa huo mlango umekatwa makusudi. Unaanza kuuziba kwa kovu kama unavyoziba jeraha lolote, na ukifanikiwa, presha inapanda upya. Ndiyo maana mezani wanapaka dawa ya kuzuia kovu iitwayo mitomaisini, na nyumbani mgonjwa anaendelea na matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki nyingi. Nilipomweleza mama kwamba kidonda chake kipone lakini kisizibe, aliniangalia kwa jicho lile moja lisilofungwa kama vile nimechanganyikiwa.

Sasa huduma yenyewe. Kila tukienda, kwanza wanapima presha: tone la ganzi, rangi ya machungwa, taa ya bluu, mama kaweka kidevu kwenye mashine. Halafu daktari anamwambia, "Mama, angalia chini, angalia miguu yako," anainua kope taratibu kwa kidole gumba na kukikagua kilengelenge kwa ile hadubini yenye mwanga mwembamba. Juu yake imefungwa kamera. Picha inatokea kwenye skrini na daktari anaigeuza tuione. Hapo ndipo waliponivutia, maana hawatoi picha moja tu na kukupongeza. Wanaiweka ya leo kando ya ile ya mara iliyopita, ukubwa uleule, mwanga uleule.

Faida yake tuliiona wazi. Mwanzoni kilengelenge kilikuwa cheupe, kimetandaa, mishipa ya damu michache na iliyonyooka. Baadaye presha ikapanda kutoka 11 hadi 19 (hupimwa kwa milimita za zebaki). Mtu angeweza kusema 19 si mbaya, kwa kuwa kawaida huhesabiwa mpaka 21. Lakini picha mbili zilipokaa pamoja, hata mimi niliona: mishipa imeongezeka, imejipindapinda, na kilengelenge kimekuwa bapa. Daktari hakusubiri. Aliongeza matone, akatia ganzi, na palepale kwenye mashine akashika kwa koleo ndogo ncha ya uzi mmoja aliokuwa ameuacha makusudi siku ya upasuaji, akauvuta ukatoka. Kilengelenge kikainuka tena tukitazama. Presha ikapimwa upya: 12. Mama alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili.

Nilimuuliza daktari kama kuna namna ya kuliona kovu kabla mishipa haijawa mingi. Alinieleza kwa subira, na foleni ilikuwa nje. Kuna hadubini ya konfokali, inayotumia leza na kupiga picha ya seli za jicho la mtu aliye hai bila kukata kipande. Ncha yake inagusa jicho lililotiwa ganzi na jeli, na picha moja haifiki nusu milimita kila upande. Kwenye kilengelenge kinachofanya kazi vizuri, ngozi ya juu huonekana ina vijishimo vingi vidogo vya maji. Kinachoelekea kuziba huonyesha nyuzi za kovu zilizosongamana, na wakati mwingine seli za kinga zinazojaa sehemu inapovimba. Mashine hiyo hawana, na hakujifanya kuwa wanaihitaji kwa kila mgonjwa. Mimi nakubaliana naye. Ningependa sana siku moja ifike nyanda hizi, hasa kwa ajili ya wale ambao upasuaji umeziba na wanafikiriwa kurudiwa. Ila kwa mama, kamera ya kawaida inayotumiwa kila safari bila kukosa ndiyo iliyoliokoa jicho.

Yapo ya kurekebisha. Karatasi ya matone imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanaoipokea ni wazee wa Rungwe, Kyela na Chunya. Nesi anaeleza kwa mdomo, lakini mtu akifika nyumbani amesahau lipi la kila saa mbili na lipi la usiku. Mimi niliandika upya kwa Kiswahili na kuibandika ukutani juu ya kitanda cha mama. Kliniki ingeweza kuwafanyia wote. Ngazi za mlangoni pia hazina pa kushikia, na anayezipanda jicho moja limefunikwa. Kwa hayo mawili nawapa nyota nne kati ya tano.

Kwa wanaotoka mbali: pandeni gari la alfajiri, maana Jumatatu panajaa kabla ya saa mbili. Msiache kwenda eti kwa sababu jicho haliumi. Mama alikatazwa kuinama na kubeba mikungu, kufikicha jicho ndiyo kabisa. Na jicho lililopasuliwa likiwa jekundu ghafla, likiuma, likitoa uchafu au uono ukipungua, hata kama ni miaka baadaye, nendeni siku hiyohiyo. Mapokezi mkiwaambia hivyo, mgonjwa anapelekwa ndani moja kwa moja bila kupanga foleni.