Golden Circle kwa basi, Iceland: mwongozaji safi, ratiba ya ovyo

Nianze na lawama. Hii tripu ya siku moja ya Golden Circle (mzunguko wa kutembelea bonde la Þingvellir, chemchemi za Geysir na maporomoko ya Gullfoss) nililipia krona 11,000 na ushee, makubaliano tunachukuliwa hotelini Reykjavík saa 2 asubuhi, tukasimama nje na ule upepo wa kule si mchezo, gari likaja saa 2 na dakika 40, na hizo dakika 40 unadhani walizikata wapi? Þingvellir! Yaani pale pale nilipopafuata mimi.

Kwa asiyepajua (hiyo herufi ya mwanzo isome th kama ya thelathini), pale ni bonde la ufa. Iceland imekaa juu ya mgongo wa katikati ya Atlantiki, bamba (kile kipande kikubwa cha gamba la dunia) la Amerika Kaskazini linaenda huku na la Ulaya na Asia linaenda kule, kama sentimita 2 kwa mwaka, sehemu kubwa ya huo mgongo iko chini ya bahari ila hapa umetokeza unautembelea na viatu vyako. Ukiingia korongo la Almannagjá una ukuta wa mwamba mweusi pembeni yako, ule ndo ukingo wa upande wa Amerika. Sasa tangazo lao linasema utasimama mguu mmoja Amerika mwingine Ulaya, mwongozaji akacheka mwenyewe, akasema jamani msidanganyike, ukingo wa pili uko kilomita kadhaa kule ng'ambo, hapa katikati ni sakafu ya bonde inadidimia taratibu na imejaa nyufa, mwaka 1789 matetemeko yaliishusha zaidi ya mita 1. Nikampenda hapo hapo. Habari za bunge lao Alþingi kuanzia pale mwaka 930 alitupa tukiwa tunakimbilia basi, maana dakika 25 zilishaisha.

Chemchemi za moto hazikuniangusha. Geysir yenyewe, ile iliyozipa jina chemchemi zote za aina hiyo, siku hizi imelala, kurusha ni kwa nadra. Jirani yake Strokkur ndo anapiga kazi, kila dakika 5 mpaka 10 maji yanaruka mita 15, 20 hivi. Kodoa macho kabla hayajaruka, yanavimba kuba la bluu kwa sekunde moja tu. Kumbe maji ya chini kabisa yanapita nyuzi 100 na bado hayachemki kwa sababu yamekandamizwa na uzito wa maji ya juu yake, mvuke kidogo ukishapenya na kusukuma ya juu yakamwagika, uzito unapungua na yaliyobaki yanageuka mvuke kwa mpigo. Alituambia tusimame upande upepo unakotokea, sikusikia, nikaoga, na harufu ya yai viza nikarudi nayo hotelini.

Gullfoss sina maneno mengi, mto Hvítá unatoka kwenye barafu ya Langjökull, unaanguka ngazi mbili jumla mita 32 na unaingia kwenye korongo jembamba, ukiwa mbali ni kama ardhi imeumeza. Chukua koti lisilopitisha maji. Ila hapa tulikaa saa nzima na nusu, nyingi ya hiyo kwenye mgahawa na duka la zawadi, sasa niambie kama hiyo ni bahati mbaya.

Alafu Kerið, lile ziwa ndani ya kreta yenye kuta nyekundu, lilikua kwenye ratiba, tukalipita hivi hivi eti muda umeisha. Nikawaandikia imeili, wakanijibu ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa. Jua lilikua linawaka siku nzima bana.

Ukitaka kwenda na basi, kabla hujalipa waulize Þingvellir mnakaa dakika ngapi, wakianza kuzunguka zunguka kodi gari, barabara ni ya lami na hizo sehemu hazijaachana sana. Nawapa nyota 3, mbili ni za mwongozaji na moja ya Strokkur.